Akila na Prisila kwenye meza ya kazi

Wapendwa, tangu banki za Goma zilipofungwa mwaka 2025, mafundi wengi wanatuuliza kama Mungu bado anaona kazi yao. Tufungue Matendo 18. Akila na Prisila walifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakawa wageni Korintho. Walichobaki nacho ni ufundi wa kushona mahema. Paulo alikaa kwao, wakashona pamoja. Baadaye, kule Efeso, walimsikia Apolo, mhubiri hodari aliyejua ubatizo wa Yohana tu. Walimchukua kwao, wakamweleza vizuri zaidi. (Wengine wetu tungemsahihisha kwenye mikro!) Mama mshonaji wa Birere, wateja wamepungua, lakini yule kijana unayemfundisha cherehani bado anafika kila asubuhi.