Msalaba Ulioondolewa Altareni

Wahenga walisema: Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Lakini katika mambo ya sanaa mara nyingi huwa kinyume: kitu kipya huonekana kidonda kwanza, na unyemi wake hutambulika baada ya miaka mingi. Hayo yalionekana wazi katika karne ya 20, wachoraji, wachongaji na wajenzi wa Ulaya walipoacha kuiga mitindo ya zamani, wakatafuta njia nyingine za kusema yaliyo moyoni. Kazi zao zikaitwa sanaa ya kisasa. Wako waliozisifu kupita kiasi, na wako waliozilaani. Kanisa nalo likaulizwa: Je, sanaa ya namna hii yaweza kuingia katika nyumba ya Mungu? Tutazame kanisa moja ambamo swali hilo lilizusha ugomvi mkubwa.

Kanisa la wagonjwa

Katika milima ya Alpes, mashariki mwa Ufaransa, pana mahali paitwapo Plateau d'Assy. Zamani, kabla dawa za kuponya kifua kikuu hazijapatikana, wagonjwa walipelekwa huko wavute hewa safi ya mlimani. Wengi walikaa miezi na miaka. Wengine hawakushuka tena. Padre wao, Kanoni Jean Devémy, alitaka wapate kanisa lao. Mjenzi Maurice Novarina akalijenga kwa mawe na miti, akaliezeka kwa paa pana liwezalo kuhimili theluji. Likaitwa kanisa la Bikira Maria wa Neema Zote, likawekwa wakfu mwaka 1950.

Kwa habari ya mapambo, Kanoni Devémy aliomba shauri kwa Padre Marie-Alain Couturier, Mdominiko, ambaye mwenyewe alikuwa fundi wa vioo vya rangi. Padre huyu alichoshwa na sanamu za plasta zilizotoka viwandani kwa wingi, zote sura moja, zenye utamu lakini hazina nguvu. Aliona ni heri kumwita fundi mkuu asiyesali kuliko kumwita mwenye kusali asiye na kipaji. Basi Georges Rouault, Mkatoliki, akatoa vioo vya rangi. Fernand Léger, aliyekuwa mkomunisti, akapamba uso wa kanisa kwa picha kubwa ya vijiwe vya rangi. Henri Matisse alichora picha ya Mtakatifu Dominiko, Georges Braque akatengeneza mlango wa tabernakulo, na Jean Lurçat zulia kubwa la ukutani nyuma ya altare. Baadaye hata Wayahudi wawili, Marc Chagall na Jacques Lipchitz, walileta kazi zao.

Kristu asiye na uso

Msalaba wa altare ulifanywa na mwanamke, Germaine Richier, mchonga sanamu aliyezaliwa mwaka 1902. Ni wa bronzi. Mwili wake umekonda na kukwaruzika kama gome la mti mkavu. Usoni huoni macho wala kinywa. Mikono imenyoshwa sana, na mwili na mti vimekuwa kitu kimoja, hata huwezi kusema mti unaishia wapi na nyama inaanzia wapi.

Mwanzoni mwa mwaka 1951 Wakatoliki fulani walitawanya karatasi za kuushutumu, wakisema kwamba ni kumtukana Mwokozi. Mwaka huohuo Askofu wa Annecy akaamuru uondolewe altareni. Mwaka 1952 Roma nayo ilitoa maagizo juu ya sanaa takatifu, ikiwaonya maaskofu wasikubali kazi zinazoharibu ibada.

Tusiwacheke waliokasirika. Picha takatifu ni mali ya waamini wote, si ya wataalamu peke yao. Mama mzee apigaye magoti mbele ya msalaba ana haki ya kumtambua Bwana wake, na askofu ni mchungaji wa mama huyo pia. Hoja yao ilikuwa na uzito.

Lakini wagonjwa wa Assy waliupenda msalaba ule. Wao, ambao miili yao ilikuwa ikiliwa na ugonjwa siku kwa siku, hawakuona dharau ndani yake. Walimwona Mungu aliyekubali kuharibika kama wao. Na tukifungua kitabu cha Nabii Isaya, sura ya 53, twamkuta Mtumishi wa Bwana ambaye mateso yalimwondolea uzuri wote wa kuvuta macho ya watu. Bi Richier alikuwa amechonga jambo ambalo Maandiko yalikuwa yamekwisha kulisema.

Sisi watu wa Kongo tusistaajabu sana. Mwaka 1906 Matisse yuleyule alinunua mjini Paris sanamu ndogo ya Wavili, watu wa pwani ya Kongo, akamwonyesha rafiki yake Picasso. Mchongaji wa kwetu hakuiga sura ya mtu kama kioo kifanyavyo. Alikuza kichwa na kufupisha miguu ili nguvu ya ndani ionekane nje. Wachoraji wale wa Ulaya walijifunza mengi kwa kazi za namna hiyo. Hivyo sanaa iliyoitwa ngeni ilikuwa na wajomba Afrika.

Msalaba warudi

Miaka ikapita. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Katiba ya Liturujia, ulitangaza kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa ulio wake peke yake. Sanaa ya zama zetu na ya mataifa yote ina nafasi, mradi iitumikie ibada kwa heshima ipasayo. Mwaka 1969 msalaba wa Assy ukarudishwa altareni. Padre Couturier alikuwa amefariki mwaka 1954, na Bi Richier mwaka 1959. Wote wawili hawakuiona siku hiyo.

Basi, ninyi wazazi na wanafunzi, mkikutana na sanamu, jengo au shairi la kisasa msiloelewa, msiseme upesi kwamba ni baya. Wala msilisifu kwa kuwa ni jipya tu. Ulizeni kwanza: Limefanywa kwa kazi gani, na kwa ajili ya nani? Kisha wasikilizeni wale ambao lilifanywa kwa ajili yao. Katika ugomvi wa Assy walisema mapadre, maaskofu na waandishi wa magazeti, kila mtu na hoja yake. Lakini wagonjwa ndio waliosali mbele ya msalaba ule, nao waliutambua tangu mwanzo.