Wote walikuwa wa kwanza: Wiki ya mtoto wako katika shule ya vipaji maalumu

Kengele inalia saa 11 alfajiri. Taa za bweni zinawaka, ndoo zinagongana, mmoja anatafuta kandambili ya mguu wa kushoto. Kitanda cha juu yupo kijana aliyemaliza kidato cha nne katika shule ya kata akiwa na daraja la kwanza, pointi saba. Matokeo kama hayo hayakuwahi kuonekana shuleni kwao. Siku yalipotoka, mkuu wa shule alimpigia simu baba yake, majirani wakaja kutoa hongera na bibi akachinja jogoo.

Kitanda cha chini amelala kijana mwenye pointi saba. Kitanda cha jirani, pointi saba. Karibu na mlango, pointi saba.

Kijana wa namna hii yupo karibu katika kila bweni la shule za vipaji maalumu nchini. Nyumbani anajulikana kama kichwa cha ukoo. Hapa ni mmoja tu kwenye foleni ya bafuni. Jinsi atakavyoipokea hali hiyo katika wiki za mwanzo, na jinsi wazazi wake watakavyoipokea, inaweza kuamua afya yake kwa miaka miwili ijayo.

Majina makubwa

Kwa miaka mingi sifa ya shule ya vipaji imebebwa na shule chache za Serikali. Kwa wavulana ni Ilboru ya Arusha, Kibaha ya Pwani, Mzumbe ya Morogoro na Tabora Boys. Kwa wasichana ni Kilakala ya Morogoro, Msalato ya Dodoma na Tabora Girls. Wanaochaguliwa kwenda huko ni wale wenye ufaulu wa juu kuliko wenzao.

Mwalimu Julius Nyerere alipita Tabora Boys. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alisoma Kibaha. Ndiyo maana jina la mtoto linapotokea kwenye orodha ya shule hizi, familia nzima hujiona imechaguliwa.

Kibaha ina historia ambayo kila mzazi angefaa kuijua. Ilitokana na makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nordic, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden. Shule ilianza mwaka 1965 na haikujengwa peke yake. Palikuwa pia na kituo cha afya na kituo cha kuwafundisha wakulima, ili mahali pamoja papigane na maadui watatu waliotajwa na taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Kituo kile cha afya kilikua na kuwa Hospitali ya Tumbi, inayojulikana na kila msafiri wa Barabara ya Morogoro.

Waasisi wake walielewa kuwa kitabu na mwili wa anayekisoma haviendi njia tofauti. Jambo hilo ni rahisi kulisahau siku ya kufungasha godoro na tranka.

Jumatatu hadi Ijumaa

Ratiba hutofautiana kidogo kati ya shule moja na nyingine, lakini sura ya wiki ya bweni inafanana. Kuamka alfajiri, usafi wa mazingira, kuoga, paredi, kisha darasani. Uji asubuhi, ugali na maharage mchana, vipindi tena, michezo jioni, chakula cha usiku. Kuanzia saa moja usiku hivi wanafunzi hurudi darasani kujisomea, wanachokiita prepo, hadi karibu saa nne.

Piga hesabu. Mwanafunzi anayelala saa nne na nusu usiku na kuamka saa 11 alfajiri amelala saa sita na nusu. Wataalamu wa tiba ya usingizi wanashauri kijana wa miaka 13 hadi 18 apate saa nane hadi 10 kwa siku. Kwa hiyo hata anayefuata ratiba sawasawa tayari ana deni.

Katika shule ya vipaji wapo wasioridhika na hapo. Wenzao wakilala, wao huendelea kupiga msuli chini ya shuka kwa tochi au darasani hadi saa nane usiku. Mwingine anajisaidia kwa kahawa nzito au kinywaji cha kuongeza nguvu. Kafeini haitoki mwilini haraka. Baada ya saa tano hivi, karibu nusu yake huwa bado ipo. Anayekunywa saa tatu usiku anaweza kujikuta yu macho saa nane hata kama ameamua kulala.

Kukesha kuna hasara ambayo wanafunzi wengi hawaioni. Ubongo huyapanga na kuyahifadhi yaliyosomwa mchana wakati mtu amelala. Anayekata usingizi ili aongeze sura mbili za kemia anaweza kukosa zote mbili asubuhi, na kusinzia kipindi cha fizikia juu yake.

Chakula nacho kina neno. Maharage ya bwalo si chakula cha kudharau, kwa kuwa yana protini na madini ya chuma. Yanayopungua mara nyingi ni matunda na mboga. Kwa msichana aliyeanza hedhi, upungufu wa damu unaweza kujificha nyuma ya kile walimu wanachokiita uvivu: kuchoka, kizunguzungu, kushindwa kusoma kwa muda mrefu. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, ilhali chungwa au embe huusaidia. Hela ya matumizi inayoishia kwenye soda na biskuti ingeweza kununua karanga na machungwa.

Siku matokeo yanapobandikwa

Kisha unakuja mtihani wa kwanza. Karatasi inabandikwa ubaoni, vichwa vinasongamana, vidole vinashuka kwenye orodha. Yule kijana aliyekuwa wa kwanza tangu darasa la pili anajikuta wa 58.

Hapa mzazi anahitaji kujua jambo moja la kitaalamu kabla hajapandisha sauti. Vipimo vya alama vya kidato cha nne na cha sita havifanani. Kidato cha nne, A inaanzia alama 75. Kidato cha sita inaanzia 80, na 75 ni B. Alama 64 na alama 45 za kidato cha nne zote ni C. Kwa kidato cha sita, 64 inabaki C, lakini 45 inakuwa E. Mtoto aliyepata alama zilezile anaweza kuleta ripoti yenye herufi mbaya zaidi bila akili yake kupungua hata kidogo.

Ongeza na mengine. Masomo yamekuwa mazito na yanakwenda kwa kasi, na wanaoshindana naye wote walikuwa wa kwanza huko walikotoka. Katika darasa la watu 60 waliowahi kuongoza, lazima mmoja awe wa 60. Anayeshika nafasi hiyo bado anaweza kuwa miongoni mwa wanafunzi wazuri nchini.

Tatizo ni kwamba habari hii haifiki nyumbani pamoja na ripoti. Kinachofika ni namba. Simu za mkononi haziruhusiwi kwa wanafunzi, hivyo mazungumzo hufanyika kwa simu ya matroni, patroni au mwalimu, dakika chache, wengine wakisubiri zamu nyuma yake. Mazungumzo mengi huenda hivi:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Umekuwa wa ngapi?”

Kijana anayeona aibu atajibu kwa mkato, au ataacha kupiga kabisa. Mama naye atadhani mtoto ametingwa na masomo.

Jumamosi na Jumapili

Mwisho wa wiki ndipo shule hizi zinapoonyesha utajiri wao mwingine. Jumamosi ni usafi wa jumla na kufua, kamba zinajaa mashati meupe. Baada ya hapo kuna michezo, midahalo, na vikundi vya kujisomea vinavyokaa chini ya mti na kipande cha ubao. Jumapili asubuhi UKWATA, TYCS na CASFETA wanakwenda kwenye ibada zao. Wanafunzi Waislamu huwa wamekutana kwa sala ya Ijumaa na shughuli za TAMSYA.

Mzazi anaweza kuona mambo haya kama upotevu wa muda. Lakini ndiyo yanayomshika kijana asianguke. Anayeimba kwaya, anayecheza beki namba tatu, anayesimama kwenye mdahalo, ana mahali pengine pa kujulikana pasipokuwa kwenye karatasi ya matokeo. Na kikundi cha kusoma kinamfundisha jambo ambalo huenda hakulihitaji kule shule ya kata, yaani kumwomba mwenzake amweleweshe.

Watoto hawa huvumbua umahiri wao kwa namna hiyo. Wa 58 kwenye hesabu anagundua kuwa ndiye anayeweza kueleza baiolojia hadi wenzake waelewe.

Dalili za kutopuuza

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa kati ya kila vijana saba wenye miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Kufaulu hakumkingi mtu. Mwanafunzi hodari anaweza hata kulificha kwa muda mrefu, kwa kuwa alama zake zinachelewa kushuka na hakuna anayemuuliza.

Dalili zenyewe si za ajabu. Kuumwa kichwa au tumbo kila mara bila ugonjwa kuonekana kwenye vipimo. Kukosa usingizi hata anapopata nafasi ya kulala. Kuacha kula, kujitenga, hasira zisizo za kawaida, kuacha mchezo aliokuwa akiupenda. Maneno ya kujiona hafai, au kwamba ingekuwa heri asingekuwepo, hayasubiri likizo. Mzazi awasiliane na shule siku hiyohiyo na mtoto apelekwe kwa daktari au mtaalamu wa ushauri. Huduma ya Simu kwa Mtoto inapatikana kwa namba 116 bila malipo.

Mwili nao una mahitaji yake kulingana na mahali. Kidato cha tano huripoti mwezi Julai. Mtoto wa Pwani anayekwenda Ilboru, chini ya Mlima Meru, atakuta baridi asiyoizoea na anahitaji sweta na blanketi la maana. Anayetoka nyanda za baridi kama Makete kwenda Kibaha anahamia kwenye malaria. Mwili ambao haukuzoea vimelea vyake unaweza kuugua vikali, kwa hiyo chandarua chenye dawa kiwe cha kwanza kuingia kwenye tranka, na homa ipimwe mapema badala ya kumezewa panadoli.

Kuna pia fomu ya daktari inayoambatana na maelekezo ya kujiunga. Mzazi anaweza kushawishika kuficha pumu, kifafa au selimundu akihofia mtoto ataonekana mgonjwa. Matokeo yake ni kwamba usiku mtoto anapobanwa na kifua, patroni hajui kilichompata wala dawa ilipo. Ukweli kwenye fomu hiyo unaweza kuokoa maisha.

Ushindi unaopimwaje?

Mwaka 2018 Kibaha iliongoza kitaifa katika matokeo ya kidato cha sita. Ilikuwa furaha ya haki kwa walimu, wanafunzi na wazazi. Lakini Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, liliacha utaratibu wa kutangaza shule 10 bora na wanafunzi bora. Uamuzi huo uliwagawa watu. Wapo waliosema motisha imeondolewa, na wapo waliopumua.

Nyumbani, hata hivyo, orodha bado inasomwa. Watoto wanalinganishwa na binamu, na mtoto wa jirani, na wenyewe walivyokuwa mwaka jana. Hakuna baraza la kuifuta orodha hiyo isipokuwa wazazi wenyewe.

Siku ya kutembelea, familia zitafika na vyombo vya pilau, ndizi mbivu na sabuni ya mche. Muda ni mfupi. Kabla ya kuuliza nafasi, uliza analala saa ngapi, anakula na nani, somo lipi linamsumbua na nani anamsaidia. Kama ameshuka, mwambie kwamba wewe unajua darasa lile limejaa watu wa aina gani. Kisha muulize mwalimu wa somo, mtoto akiwapo, ni kitu gani kimoja cha kurekebisha muhula huu.

Ripoti ya mwisho wa muhula ina nafasi ndogo chini, imeandikwa “Maoni ya mzazi”. Wengi huandika “Aongeze bidii” na kusaini. Kwa mtoto anayelala saa tatu kwa usiku, bidii sicho kinachopungua. Tumia mistari ile miwili kuandika kitu ambacho angependa kukisoma tena usiku wa kuamkia mtihani.