Mishale ya Padre Elías

Watoto, hadithi ya leo inaanza na kopo la rangi.

Mwaka 1984, kaskazini mwa Hispania, rangi ya njano ilibaki baada ya kazi ya barabara. Rangi iliyobaki mnajua inakoishia: hutupwa stoo ikakauka humo pamoja na brashi yake. Hii ilimwangukia paroko mmoja wa milimani, Padre Elías Valiña. Akaipakia kwenye gari lake, akashika njia. Kila alipofika njia panda alisimama, akashuka, akachora mshale: juu ya jiwe, kwenye shina la mti, kwenye pembe ya ukuta wa zizi. Akapanda tena gari, mwendo.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa milima ya Pirenei, karibu na mpaka wa Ufaransa, polisi walimtilia shaka. Mtu mzima huyu anachora mishale porini, ana lake jambo. Wakamuuliza anafanya nini. Akawajibu kwamba anaandaa uvamizi mkubwa.

Utani huo! Mwaka 2023 pekee, mahujaji zaidi ya 440,000 waliingia mji wa Santiago de Compostela na kupewa hati ya hija.

Wakristo wamekuwa wakienda Santiago tangu karne ya 9, wakiamini kwamba huko ndiko alikozikwa Mtume Yakobo. Njia zake ni nyingi, lakini inayojulikana kuliko zote huanzia kijiji cha Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, ikavuka milima na kuelekea magharibi kwa kilomita karibu 780. Ni pungufu kidogo ya safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya, ila hapa hupandi basi. Ni miguu, mwezi mzima au zaidi.

Padre Elías alipoanza kuchora, njia hiyo ilikuwa imeliwa. Kipande kimelimwa, kipande kimefunikwa na lami, kipande kimerudi kuwa kichaka. Yeye alikuwa msomi, amepekua maandishi ya zamani hadi akaijua njia ilikopita. Parokia yake ilikuwa O Cebreiro, kijiji kilicho juu mlimani, mita kama 1,300 kutoka usawa wa bahari. Mpaka leo zimesimama pale nyumba za mviringo za mawe, zimeezekwa manyasi hadi chini, na mtu wa Kagera akiziona atauliza nani kaupeleka msonge Ulaya.

Sasa mshale wenyewe. Usitegemee kitu cha fahari. Ni mistari mitatu ya brashi, pengine rangi imechuruzika kabla haijakauka. Utaukuta nyuma ya kibao cha barabarani, kwenye ukingo wa daraja, kwenye nguzo ya umeme, au chini kabisa kwenye jiwe ambalo majani yameshaanza kulifunika. Siku ya kwanza unatembea huku ukitafuta. Baada ya siku tatu hivi jicho limezoea, na ukifika njia panda linaruka lenyewe kutoka ukutani hadi mtini hadi kwenye jiwe.

Na usipouona? Kanuni ya mahujaji ni fupi: rudi kwenye mshale wa mwisho uliouona kwa macho yako. Rahisi kuisema! Jaribu kuifuata ukiwa na malengelenge kwenye visigino vyote viwili na umeshatembea nusu saa. Hapo ndipo mtu anapoanza kujidanganya: "Utakuwa mbele kidogo, pale penye kona." Anafika kwenye kona, hakuna kitu. "Basi pale penye mti." Kwa namna hiyo amejiongezea saa nzima ya kurudi.

Iko alama nyingine, kombe. Silo kombe la mpira, tulieni. Ni gamba la kiumbe wa baharini, lina michirizi inayotoka sehemu moja na kutawanyika kama vidole. Mahujaji wa kale walirudi nalo nyumbani kama ushahidi kwamba wamefika. Leo limechorwa kwenye vigae na nguzo njia nzima, na mijini, kama León, limewekwa la shaba chini ya miguu yako kwenye njia ya waendao kwa miguu. Tatizo lake ni hili. Katika mkoa wa Asturias, upande mwembamba, pale michirizi inapokutana, ndio unaokuonyesha pa kwenda. Ukivuka kuingia Galicia, desturi inageuka: unafuata upande uliotawanyika. Kombe ni lilelile, maana imepinduka! Mimi ningeshika mshale.

Galicia huko huko kuna nguzo za mawe zinazokuambia umbali uliobaki. Utaona imeandikwa 99,930 na moyo ukushuke, udhani umebakiza karibu kilomita laki moja. Wahispania hutumia mkato pale sisi tunapoweka nukta. Umebakiza kilomita 99 na mita 930.

Kabla ya rangi na nguzo watu walifuata nini? Walifuata jua, kwanza. Unayekwenda magharibi, asubuhi jua liko mgongoni, na kivuli chako kinalala mbele yako kirefu kama mnazi. Kifuate. Mchana sasa, kumbukeni kwamba kwetu jua husimama utosini, na kwa majira huhama mara kaskazini, mara kusini. Hispania haliwi hivyo. Saa sita mchana liko kusini siku zote, kiangazi na baridi, yaani kushoto kwa hujaji. Mtazameni aliyefika Santiago akiwa amevaa kaptura: shavu la mguu wake wa kushoto limeiva kuliko la kulia.

Jua nalo huzibwa na ukungu. Kwenye kipito cha Ibañeta, Pirenei, unapoteremka kuelekea Roncesvalles, ukungu ukishuka huoni hata ncha ya fimbo yako. Zamani palikuwa na kengele iliyopigwa ukungu unapotanda, na hujaji aliyepotea aliufuata mlio wake hatua kwa hatua.

Jihadharini pia na rangi ya mshale. Kwenye njia inayopita Ureno utaona mishale miwili kwenye ukuta mmoja, imepeana mgongo. Wa njano unakwenda Santiago, kaskazini. Wa bluu unakwenda Fátima, kusini, mahali pengine pa hija. Na wapo wenye vibanda vya chai ambao wamewahi kujichorea mshale wao wa njano ili njia ipite mlangoni kwao. Chai ni chai, lakini kilomita mbili za ziada si mchezo.

Kuna jambo moja Padre Elías hakulipakia kwenye gari lake. Zamani hujaji akishafika kaburini alikuwa amefika nusu tu ya safari, kwa sababu nyumbani alirudi kwa miguu ile ile. Leo wengi hurudi kwa ndege, na mishale yote imechorwa kwa ajili ya anayekwenda. Anayeamua kurudi kwa miguu hutembea na shingo imegeuka. Kila njia panda inambidi apite, ageuke nyuma, atafute mshale unaoelekea alikotoka, ndipo ajue yuko sawa. Na kila kundi analokutana nalo linamsimamisha, linamwonea huruma, linamwelekeza kwa fimbo upande wa magharibi: "Ndugu, umepotea. Santiago ni kule!"