Swali la "Una Hakika?" Si Kinga

Kutia programu mpya katika kompyuta za afisi huhesabiwa na wengi kuwa kazi ndogo. Mtumishi hukaa mbele ya mashine, hubonyeza "endelea" mara nne au tano, na shughuli imekwisha. Sisi twaona kuwa dhana hiyo ina hatari, hasa huku visiwani, ambako kompyuta moja huweza kuwa ndiyo masjala nzima ya idara.

Tuchukue mfano wa Windows. Mwenye kuiweka upya kuanzia mwanzo huonyeshwa orodha ya diski ili achague moja. Diski hizo hazitajwi kwa kazi zake. Hutambulishwa zaidi kwa namba, kuanzia sifuri, na kwa ukubwa wake. Ikiwa diski ya nje yenye nakala za akiba imeachwa imechomekwa, nayo huweza kuorodheshwa pamoja na ile ya ndani. Karani akikosea mstari mmoja, akaamuru ufutwe, huangamiza kile kile kilichowekwa ili kimwokoe. Lawama zote humwangukia yeye. Lakini ni nani aliyeipa diski ile jina lisilosema kitu?

Watengenezaji hujitetea kwamba programu humwonya mtu na kumwuliza kama ana hakika. Utetezi huo ni dhaifu. Swali hilo humwuliza aliyekosea iwapo amekosea, ilhali yeye aonavyo yu sawa. Tena, aliyekwisha kulijibu mara mia kwa mambo madogo hulijibu mara ya mia na moja pasi na kulisoma.

Kasoro hiyo haimo katika kuweka programu peke yake. Wenzetu wa visiwa vya Hawaii waliionja tarehe 13 Januari 2018. Saa mbili na dakika saba asubuhi, simu za wananchi zilipokea tangazo kwamba kombora linakuja na kwamba hayo si mazoezi. Hapakuwa na kombora. Uchunguzi wa Tume ya Mawasiliano ya Marekani ulieleza kuwa mtumishi wa zamu alilidhania zoezi kuwa shambulio la kweli, akachagua tangazo halisi katika orodha. Programu ikamwuliza kama ana hakika. Akakubali, kwani hakika alikuwa nayo. Masahihisho yalichukua dakika 38, maana tangazo la kukanusha halikuwa limeandaliwa. (Gavana David Ige alikiri baadaye kuwa hata kuingia katika Twitter yake kulimshinda, kwa kutojua neno la siri!) Ndipo ikaamriwa kwamba tangazo kama hilo lipitie mikononi mwa watu wawili.

Idara zinunuapo programu, basi, zisitazame bei tu. Kitufe cha kufuta kiandikwe "Futa diski hii", wala kisiandikwe "Ndiyo". Chaguo lililotangulizwa liwe lile lisiloharibu kitu. Kwa jambo lisilorudishika, mtumiaji atakiwe kuandika jina la kitu chenyewe kwa mkono wake, kama GitHub inavyomtaka mwenye kufuta hazina ya kazi. Na kabla ya mkataba kutiwa saini, aitwe karani atakayeitumia, si mkuu wake, aiweke mwenyewe huku muuzaji akitazama bila ya kumsaidia.

Wakati huo ukisubiriwa, diski ya akiba ichomolewe kwanza, ifungiwe kabatini, ndipo kazi ianze.