Pointi 20 zimegharimu mitupo mingapi?

Chukulia timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha SUA imewakaribisha wenzao wa Chuo Kikuu cha Mzumbe pale Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mchezo umeisha, na gumzo lote ni la kijana aliyefunga pointi 20. Mwenzake wa timu hiyohiyo kafunga 14, wala hatajwi. Sasa tuhesabu mitupo. Wa 20 alirusha mara 22, zikaingia 8, mbili zikiwa za pointi tatu. Mitupo huru alipewa 4, akapata 2. Wa 14 alirusha mara 9 tu, zikaingia 5, moja ya pointi tatu, na katika mitupo huru 4 akapata 3.

Kipimo cha ufanisi halisi wa ufungaji hutafutwa hivi: zidisha mitupo huru kwa 0.44, jumlisha na mitupo ya kawaida, zidisha jumla kwa 2, kisha gawa pointi kwa jibu hilo. Hiyo 0.44 huwashangaza wengi. Imewekwa kwa sababu si kila mtupo huru unaomaliza shambulizi: mara nyingi hutolewa miwili kwa mpigo, na pengine mmoja wa nyongeza baada ya kikapu kuingia. Wa kwanza anaambulia asilimia 42, wa pili 65. Shujaa wa gumzo ndiye aliyekula mashambulizi ya timu.

Dakika nazo zina mtego wake. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza NBA, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika drafti ya wachezaji wapya ya mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1, ribaundi 3.6 na bloku 1.3. Kiduchu? Alicheza kama dakika 13 tu kwa mchezo. Ukizipandisha takwimu hizo hadi dakika 40, urefu wa mchezo wetu wa FIBA, unapata ribaundi 11 na bloku 4: takwimu za nyota. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba angedumu dakika zote bila kuchoka wala kujaza faulo, mbele ya wapinzani walio bora zaidi. Takwimu hizo za nyota hazikuja. Aliondoka NBA na wastani wa pointi 2.2 katika michezo 224.

Kipimo cha PER, cha ufanisi wa jumla wa mchezaji, kilichobuniwa na mchambuzi John Hollinger, ambacho wastani wake ni 15, tuwaachie wenye takwimu za ligi nzima. Tofauti ya pointi mchezaji akiwa uwanjani nayo, kwa mchezo mmoja, kwa sehemu kubwa ni bahati.

Tatizo letu liko kwenye meza ya waandika pointi. Karatasi rasmi ya FIBA huandika pointi zilizoingia na faulo. Mitupo ya kawaida iliyokosa haimo. Kwa hiyo makocha wa Morogoro, mpeni mchezaji mmoja wa akiba daftari na kalamu, aandike kila mtupo, ulioingia na uliokosa, na dakika za kila mtu.