Makunyanzi Peke Yake Hayamzeeshi Mtu

Katika Barabara ya Moi, kitovuni mwa jiji la Nairobi, imesimama sanamu ya Tom Mboya iliyozinduliwa mwaka 2011 karibu na mahali alipouawa tarehe 5 Julai, 1969. Alikuwa na umri wa miaka 38. Tuseme mwanafunzi wa uchongaji wa kompyuta anataka kutuonyesha sura ambayo Mboya angalikuwa nayo akiwa na miaka 80. Aanzie wapi?

Aghalabu wanagenzi huanza na makunyanzi. Huichora mistari katika paji la uso wa kijana, wakampaka na mvi. Matokeo yake ni kijana aliyevaa kinyago cha uzee, kwani uzee huanzia ndani. Matundu ya macho hupanuka na mfupa wa taya hupungua. Mafuta ya mapanjani na mashavuni hukonda na kuporomoka. Kope hulegea, ncha ya pua huinama, masikio hurefuka. Ngozi iliyokosa egemeo ndipo hujikunja, nayo mikunjo yake hukingamana na misuli iliyoikunja miaka nenda miaka rudi. Isitoshe, kompyuta hunakili upande mmoja wa uso ikauhamishia wa pili, ilhali hakuna mzee mwenye pande mbili zilizolingana.

Lipo jambo linalotuhusu zaidi. Weusi wa ngozi ni kinga dhidi ya jua, na kwa hiyo ngozi yetu huchelewa kukunjamana kuliko ya Mzungu. Mchongaji anayeiga vielelezo vya Ulaya atambandika mzee wa Kangemi makunyanzi yasiyo yake, na kuvisahau vidoa vyeusi vya mashavuni ambavyo huenda ni vyake.

Kiswahili nacho hakimwiti kila mwenye mvi kwa jina moja. Mtu mzima si mzee, mzee si shaibu wala ajuza, na midomo ya kibogoyo hudidimia kuliko ya mwenye meno. Mchongaji sharti aamue anamchonga yupi.

Walimu wa sanaa, kabla ya kuziwasha kompyuta, wapelekeni wanafunzi wenu Kangemi na Kawangware wakawatazame wazee, kwa idhini yao, na kuyataja wayaonayo kwa majina. Waliokufa wangali vijana hawakuacha picha ya uzeeni ya kutusahihisha. Tukikosea, wajukuu wetu wataurithi uongo huo wakidhani ni kumbukumbu.