PRESHA NA FIGO: UHARIBIFU USIO NA MAUMIVU



Wengi wetu tunaijua presha, au tansiyo kama wanavyoiita ndugu wengi kutoka Kongo. Tunajua kwamba huleta kiharusi na ugonjwa wa moyo. Wachache wanajua kwamba huharibu pia figo, na kwamba uharibifu huo huanzia kwenye mishipa midogo sana ya damu.

FIGO HUFANYA KAZI GANI?

Mtu ana figo mbili, nyuma ya tumbo, karibu na mbavu za chini. Kila moja ni kubwa kama ngumi. Ndani yake mna vichujio vipatavyo milioni moja, visivyoonekana kwa macho. Kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba. Damu hupita humo, uchafu na maji ya ziada hutoka kuwa mkojo, na damu iliyosafishwa hurudi mwilini.

PRESHA INAHARIBU VIPI?

Kila kichujio hupelekewa damu na mshipa mdogo. Damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi, usiku na mchana, kwa miaka, ukuta wa mshipa huo huwa mnene na mgumu. Ukuta ukiwa mnene, njia ya damu huwa nyembamba. Kichujio hukosa damu, hufa, na mahali pake hubaki kovu. Vichujio vilivyobaki hubeba kazi yote, navyo huchakaa upesi. Kilichokufa hakioti tena.

Tena, figo inayokosa damu hufanya kama kwamba presha imeshuka. Huanzisha kemikali zinazokaza mishipa na kubakiza chumvi mwilini, na presha hupanda zaidi. Basi presha huharibu figo, na figo huongeza presha.

KWA NINI MGONJWA HAJUI?

Kwa sababu hakuna maumivu. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo na bado akalima na kubeba maji. Kuvimba miguu na uso, mkojo wenye povu, kichefuchefu na uchovu mwingi mara nyingi huja wakati umepita. Uchunguzi wa Wizara ya Afya ya Uganda wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na presha, na wengi wao hawakujua.

Figo zikishindwa kabisa, damu husafishwa kwa mashine. Hospitali ya Kiruddu, hapa Kampala, inazo. Lakini mgonjwa hurudi kwenye mashine kila wiki, maisha yake yote, asipopandikizwa figo nyingine. Kwa mtu wa Nakivale au Kyangwali, hiyo huweza kumaanisha kuhama makazi na kuacha shamba.

UFANYE NINI?

1. Pima presha angalau mara moja kwa mwaka, hata kama huumwi. Ikifika 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, unahitaji matibabu.

2. Ukiwa na presha, mwulize mganga kuhusu kupima protini kwenye mkojo, na kreatinini kwenye damu. Vipimo hivi huonyesha hali ya figo kabla ya dalili.

3. Kunywa dawa kila siku. Kujisikia vizuri si kupona. Ni dawa inafanya kazi. Usigawane dawa na jirani, na usiache bila kumwona mganga.

4. Punguza chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi na vibonge vya mchuzi.

5. Usizoee vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Huweza kupandisha presha na kudhuru figo.

6. Ukisafiri kutoka kambini kwenda Kampala, chukua dawa za kutosha safari nzima na daftari lako la matibabu. Vituo vya afya vya serikali mjini, kama Kisenyi, huhudumia wakimbizi pia. Usingoje dawa ziishe ndipo utafute kituo.

7. Mama mjamzito, mwambie muuguzi dawa zote unazokunywa, kwani baadhi ya dawa za presha hudhuru mtoto tumboni. Ukiumwa sana kichwa, ukivimba uso au ukiona giza, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

KUMBUKA: Kovu la figo haliondoki, lakini presha ikishushwa mapema, vichujio vilivyobaki huweza kukutumikia miaka mingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Msomee na jirani asiyejua kusoma.